Chemsha Bongo Nyumbani: Mzazi, Mpe Mtoto Nafasi ya Kufikiri

Jioni, baada ya chakula, katika nyumba nyingi za askari na polisi huwapo saa moja isiyokuwa na kazi maalum. Vyombo vimekwisha oshwa, makaa yanafifia jikoni, na baba, ikiwa hayuko zamu, ameketi mlangoni amevua viatu. Watoto wamemaliza kazi waliyopewa shuleni, au wanadai kuwa wameimaliza. Zamani ndiyo saa iliyokuwa ya bibi na babu. Mmoja alitamka "Kitendawili!" na kundi zima likaitikia "Tega!" Kwa Waganda ilisikika "Koyi koyi", na jibu likawa "Lya". Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wazee waliita "Sakwe sakwe", na watoto wakajibu "Soma".

Siku hizi saa hiyo huchukuliwa na redio, televisheni na simu. Hakuna ubaya katika vyombo hivyo, lakini kuna kazi moja ambayo haviwezi kuifanya kwa niaba ya mzazi, nayo ni kumtazama mtoto usoni wakati anapofikiri na kumngoja. Makala haya yanahusu mafumbo ya mantiki, yaani yale maswali ambayo watu wengi huyaita chemsha bongo. Hayahitaji fedha wala vitabu. Yanahitaji mbegu chache za maharage, madumu mawili ya maji, kijiti cha kuchorea mchangani, na mzazi anayeweza kuuzuia ulimi wake.

KITENDAWILI NA FUMBO LA MANTIKI

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili yanayofanana. Kitendawili cha kawaida huwa na jibu lililorithiwa. Anayeambiwa "Nyumba yangu haina mlango" hujibu "yai" kwa sababu alikwisha kulisikia, na asiyelijua hushindwa, akatoa mji. Vitendawili hufundisha lugha, humfunza mtoto kuvitazama vitu vya nyumbani kwa jicho jipya, na humkabidhi urithi wa wazee wake.

Fumbo la mantiki ni jamaa wa kitendawili, lakini lina tabia yake. Mtoto aliyetulia anaweza kulifikia jibu hata kama hajapata kulisikia maishani mwake, kwa kuwa kila anachokihitaji kimo ndani ya swali lenyewe. Akilipata, anajua kwa hakika kuwa amelipata, wala hahitaji mtu mzima wa kumthibitishia. Hapo ndipo ilipo faida kubwa ya mafumbo haya. Mtoto ambaye siku zote husubiri kuambiwa "ndiyo" au "siyo" na mwalimu huonja, pengine kwa mara ya kwanza, hali ya kujua jambo kwa akili yake mwenyewe.

Wala mchezo wa aina hii si mgeni katika nchi zetu. Mtu akipita chini ya mwembe siku ya mapumziko atawakuta wazee kwa vijana wameinamia ubao wa omweso, wenye mashimo 32 na kete 64. Wanyarwanda huucheza mchezo ulio ndugu yake kwa jina la igisoro, na watu wa pwani huuita bao. Mchezaji mzuri wa omweso huzihesabu hatua kadhaa kabla ya kugusa kete. Fumbo la mantiki linamdai mtoto kazi ileile: afikiri kwanza, mkono ufuate.

CHUI, MBUZI NA MAJANI

Fumbo linalofaa kuanzia ni lile la kuvuka mto. Mtu mmoja amefika ukingoni akiwa na chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtumbwi uliopo ni mdogo. Unaweza kumchukua yeye pamoja na kimoja tu kati ya vitu hivyo vitatu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, chui atamla mbuzi. Akimwacha mbuzi na majani, mbuzi atayala majani. Je, atavivusha vyote namna gani pasipo hasara?

Fumbo hili limesafiri mbali. Huko Ulaya limo katika mkusanyiko wa Kilatini wa matatizo zaidi ya hamsini ya kunoa akili za vijana, unaodhaniwa kuwa kazi ya Alcuin, mwalimu kutoka York, Uingereza, aliyemtumikia Mfalme Charlemagne, akafariki mwaka 804. Katika mkusanyiko huo wasafiri ni mbwa mwitu, mbuzi na kabeji. Hapa Afrika fumbo limeonekana katika sehemu nyingi, kutoka Liberia hadi Ethiopia, na huko Unguja watu walilisimulia kwa chui, mbuzi na majani.

Mtoto hapaswi kupewa fumbo hili kwa maneno matupu. Apewe jiwe liwe chui, mbegu ya embe iwe mbuzi, jani liwe majani, na ufito uliolazwa chini uwe mto. Kisha aachwe. Mara ya kwanza atamvusha mbuzi, na hilo ni sahihi. Atarudi, atamchukua chui, atamfikisha ng'ambo, na hapo atakwama, maana chui na mbuzi wamekutana tena. Watoto wengi hujaribu njia hiyohiyo mara tatu au nne, kana kwamba chui atabadilisha tabia yake. Wengine hukasirika na kusema kuwa haiwezekani.

Kinachowazuia ni sharti ambalo hakuna aliyelitaja. Mtoto anadhani kuwa kilichokwisha vuka hakiruhusiwi kurudi. Swali halikusema hivyo. Ni yeye aliyejiwekea sheria hiyo. Siku atakapogundua kuwa anaweza kurudi na mbuzi, atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa katika shughuli nyingi, kwamba hatua ya kurudi nyuma inaweza kuwa ndiyo njia ya kufika mbele. Kila askari aliyewahi kufunzwa mbinu za medani analifahamu jambo hilo, lakini mtoto aliyeligundua mwenyewe kwa jiwe na mbegu ya embe halisahau.

Wako pia Waila wa Zambia, ambao katika kisa chao mtu ana chui, mbuzi, panya na kapu la nafaka, na mtumbwi unachukua kimoja tu. Katika hali hiyo hakuna njia ya kuvusha vyote salama. Kama angemwacha chui, au angemwacha panya, safari ingewezekana. Lakini mtu yule anawahesabu wanyama wake kuwa kama watoto wake. Hawezi kumtupa hata mmoja. Basi anaamua kubaki ng'ambo alipo. Mzazi akikisimulia kisa hiki, asishangae watoto wakianza kubishana kama mtu yule alifanya vyema. Awaache wabishane. Mmoja atatetea hesabu, mwingine atatetea huruma, na wote wawili watakuwa wanatafuta sababu.

WATOTO WALIOMSHINDA MGENI

Mwanzoni mwa karne ya ishirini msafiri mmoja Mhungari, Emil Torday, alifika katika ufalme wa Wakuba, eneo la Kasai, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Aliwakuta watoto wa Kibushongo wakicheza mchangani. Walikuwa wakichora michoro ya mistari mingi iliyokatana kama wavu, na sharti lilikuwa kwamba mchoro wote ukamilishwe bila kuinua kidole na bila kuupitia mstari mmoja mara mbili. Walimwita mgeni naye ajaribu, nao wakampa michoro ambayo kwake ilikuwa haiwezekani kabisa.

Mchezo huo una ndugu yake maarufu. Katika mji wa Königsberg, ambao leo huitwa Kaliningrad na umo katika Urusi, palikuwa na madaraja saba. Watu walijiuliza kama mtu angeweza kutembea akayavuka yote, kila moja mara moja tu. Mwaka 1736 mtaalamu wa hesabu Mswisi, Leonhard Euler, alionyesha kuwa haiwezekani, na akaeleza sababu. Elimu kubwa ya hesabu za mitandao imechipuka kutokana na swali hilo la matembezi. Watoto wa Kasai hawakuwa na habari za Euler, lakini vidole vyao vilikuwa vikifanya kazi katika shamba lilelile.

Familia yoyote inaweza kujaribu leo jioni. Mzazi achore mchangani mraba, kisha ndani yake mistari miwili inayokatana kutoka pembe hadi pembe. Amwombe mtoto auchore tena bila kuinua kidole na bila kurudia mstari. Mtoto atahangaika. Halafu mzazi aongeze paa la pembetatu juu ya mraba huohuo, mchoro uwe kama nyumba, aombe tena. Ajabu ni kwamba mchoro wa pili, ulio na mistari mingi zaidi, unawezekana, na ule wa kwanza hauwezekani kamwe.

Siri imo katika kuhesabu mistari inayokutana katika kila pembe. Kidole kinachoingia pembeni kwa mstari mmoja lazima kitoke kwa mstari mwingine, kwa hiyo mistari ya pembe huenda miwili miwili. Pembe yenye mistari isiyogawanyika kwa mbili inaweza tu kuwa mahali pa kuanzia au pa kumalizia. Mraba ule usio na paa una pembe nne zenye mistari mitatu mitatu, na safari moja haina mianzo na miisho minne. Nyumba yenye paa ina pembe mbili tu za namna hiyo, zile za chini. Basi aanzie moja, atamalizia nyingine. Mtoto wa miaka kumi analielewa jambo hili vizuri akiachwa ahesabu mwenyewe, na tangu siku hiyo anajua kwamba "haiwezekani" nalo huweza kuwa jibu kamili, mradi msemaji aweze kuonyesha kwa nini.

HARAKA HUWAANGUSHA HATA WASOMI

Askari amezoea amri, na amri hudai utekelezaji wa mara moja. Katika gwaride na katika hatari, huo ndio wokovu. Ila mazoea hayo yakiletwa mezani nyumbani huweza kumdhuru mtoto. Baba anauliza swali, anahesabu moyoni sekunde tatu, kisha anasema: "Huna akili wewe? Dada yako angekwisha jibu." Tangu hapo mtoto hujifunza kutupa jibu lolote la kwanza linalomjia ili aepuke aibu. Baadaye baba huyohuyo hushangaa kwa nini mwanawe anashindwa mtihani unaotaka mawazo, au kwa nini kijana wake anaamini kila uvumi unaopita mtaani.

Wasomaji wajipime kwa swali hili. Daftari kubwa na kalamu kwa pamoja vinauzwa shilingi 11,000. Daftari linazidi bei ya kalamu kwa shilingi 10,000. Kalamu ni kiasi gani?

Wengi watasema shilingi 1,000, tena kwa uhakika. Wamekosea. Kama kalamu ni 1,000 na daftari linaizidi kwa 10,000, daftari litakuwa 11,000, na jumla itakuwa 12,000. Kalamu ni shilingi 500 na daftari ni 10,500. Hesabu yenyewe ni ndogo na mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kinachomwangusha mtu ni lile jibu la haraka linalotangulia mlangoni na kujifanya mwenye nyumba.

Mtaalamu wa Marekani, Shane Frederick, alichapisha mwaka 2005 matokeo ya kuwajaribu watu 3,428, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, kwa maswali matatu mafupi ambayo moja lilikuwa la namna hii. Waliopata yote matatu walikuwa asilimia 17 tu. Theluthi moja hawakupata hata moja. Kama wasomi hao waliteleza, mtoto wa darasa la nne hastahili kuchekwa. Anastahili kufundishwa maneno mawili ya kujiambia kabla ya kujibu: "Ngoja nihakikishe."

Kuhakikisha huko ni ujuzi wa maisha. Mtoto anayetumwa dukani akahesabu chenji kabla ya kuondoka, kijana anayepokea ujumbe kwenye simu kwamba ameshinda zawadi lakini atume fedha kwanza, polisi chipukizi anayesikiliza maelezo ya watu wawili yasiyopatana, wote wanahitaji tabia moja, yaani kulizuia jibu la kwanza kidogo na kulipima na mambo yanayojulikana.

NAMNA YA KUMSAIDIA MTOTO

Mtoto apewe fumbo linalolingana na umri wake. Wa miaka mitano hadi saba apangiwe mbegu: harage jekundu, jeupe, jeupe, jekundu, jeupe, jeupe, kisha aulizwe ni lipi linalofuata na kwa nini. Au awekewe kijiko, bakuli, sufuria na kandambili, aseme kipi si cha kundi hilo. Akisema bakuli, kwa kuwa lenyewe tu ni la udongo, asiambiwe amekosa. Ameona jambo ambalo mzazi hakuliona. Wa miaka minane hadi kumi anaweza kumvusha chui na kuchora nyumba. Wa miaka kumi na moja na zaidi apewe yale ya magunia na ya walinzi yaliyo mwishoni mwa makala haya.

Jambo la pili ni kimya. Mama akiisha kuuliza, aendelee kuchambua mchele au kufuma kitambaa chake. Dakika tano si nyingi, na siku mbili si nyingi pia. Fumbo linaweza kulala na mtoto, likaamka naye, likaenda naye kisimani. Mzazi anayetoa jibu upesi kwa huruma hujikuta amemnyang'anya mtoto ile furaha ambayo ndiyo mshahara wa kazi yote.

Mtoto akikwama kabisa, asaidiwe kwa swali badala ya jibu. "Umejaribu nini mpaka sasa?" "Ni wapi unapokwama kila mara?" "Kuna sheria gani uliyojiwekea ambayo mimi sikukuambia?" Na akijibu sawasawa, aulizwe: "Umejuaje?" Mtoto aliyebahatisha atanyamaza, aliyefikiri ataeleza, na katika kueleza ataelewa zaidi. Vivyo hivyo, akijibu vibaya, aulizwe "Umejuaje?" kwa sauti ileile. Mara nyingi atalitambua kosa lake katikati ya maelezo.

Tatu, njia ya mtoto iheshimiwe hata kama si ile ya mzazi. Husimuliwa kuwa Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1777 akawa bingwa mkubwa wa hesabu, alipokuwa mtoto darasa lake liliamriwa kujumlisha namba zote kuanzia 1 hadi 100. Wenzake walijumlisha moja baada ya nyingine. Yeye aliziunganisha mbili mbili, 1 na 100, 2 na 99, 3 na 98, kila jozi ikawa 101, na jozi zikawa 50; jibu ni 5,050. Mzazi anaweza kumpa mwanawe namba 1 hadi 10 amwone atakavyofanya. Akizijumlisha kwa vidole, ni sawa. Siku nyingine aulizwe kama kuna njia fupi.

La nne, watoto wasishindanishwe kwa dharau. Wasichana wapewe mafumbo sawa na wavulana, kwa saa ileile, badala ya kuitwa jikoni wakati kaka zao wanafikiri. Mtoto mzito wa kujibu huenda ndiye mwenye kufika mbali zaidi.

Lakini kweli isemwe. Mafumbo si dawa ya kila kitu. Mtoto hodari wa kuvusha mbuzi hatajua kusoma kwa sababu hiyo, wala hayatashika nafasi ya vitabu, usingizi wa kutosha na chakula bora. Mtu anayefanya mafumbo ya namna moja kila siku huwa hodari hasa katika mafumbo ya namna hiyo. Kinachobaki kwa muda mrefu ni mazoea anayoyapata pembeni mwa mzazi: kutulia, kujaribu tena, kuuliza sababu, na kutoogopa kukosea mbele ya watu wanaompenda.

BABA AKIWA MBALI

Kuna familia ambazo mlangoni hakuna baba wa kukaa amevua viatu. Tangu mwaka 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakitumwa Somalia katika majeshi ya amani ya Umoja wa Afrika, na wengine wako katika mipaka na vituo vya mbali ndani ya nchi. Akina mama nao, walio askari na polisi, huacha watoto kwa bibi zao. Simu inapopigwa, mazungumzo huwa mafupi na hufanana kila wiki: "Hujambo? Unasoma? Unamtii mama?" Mtoto hujibu "Ndiyo" mara tatu, simu ikapewa mwingine. Hakukosekana upendo, ila hapakuwa na la kuzungumza.

Fumbo moja linaweza kuitengeneza hali hiyo. Baba aseme: "Nina madumu mawili, la lita tano na la lita tatu, hayana alama. Nataka lita nne kamili. Nitapiga Jumapili ijayo, uniambie." Kisha asiongeze neno. Kwa wiki nzima mtoto atakuwa akiishi na sauti ya baba yake. Atamwaga maji uani, mama atalalamika, ndugu zake watatoa mashauri. Jumapili simu ikilia hatasema "Ndiyo" peke yake. Atakuwa na habari ndefu ya kueleza, na baba, huko aliko, atauona uwanja wa nyumba yake katika maelezo hayo.

Hata kama mtoto hakulipata jibu, baba aulize amefika wapi, aongeze dokezo moja, amwachie wiki nyingine. Na ikiwa mtoto ndiye atakayemtegea baba fumbo, baba asione haya kusema, "Limenishinda, nipe muda." Mtoto anayemsikia mzazi wake, mwenye cheo begani, akikiri kuwa bado anafikiri, amepata ruhusa ya kufikiri maisha yake yote.

MAFUMBO YA WIKI

1. Maji: Una dumu la lita tano na dumu la lita tatu, na bomba la maji. Utapimaje lita nne kamili?

2. Konokono: Konokono yumo ndani ya shimo lenye kina cha mita 10. Kila mchana hupanda mita 3, na kila usiku huteleza mita 2. Atatoka siku ya ngapi?

3. Chumvi: Pakiti tisa za chumvi zinafanana, lakini moja ni nyepesi kuliko nyingine. Kwa mizani ya sahani mbili, bila mawe, utaitambuaje kwa kupima mara mbili tu?

4. Magunia: Ghalani mna magunia matatu. Moja lina mahindi, moja maharage, na moja mchanganyiko wa vyote viwili. Yameandikwa "Mahindi", "Maharage" na "Mchanganyiko", lakini maandishi yote matatu yamebandikwa pasipo pake. Unaruhusiwa kutoa punje moja tu kutoka katika gunia moja, bila kuchungulia ndani. Utayajuaje yote?

5. Walinzi: Njia mbili zimeachana, moja yaenda mjini, nyingine yaishia kinamasini. Wako walinzi wawili wanaoijua njia. Mmoja husema kweli siku zote, mwingine husema uongo siku zote, nawe hujui yupi ni yupi. Unaruhusiwa kumwuliza mmoja wao swali moja tu. Utauliza nini?

Wazazi wanashauriwa kuikunja sehemu ya chini ya ukurasa kabla ya kuwapa watoto gazeti, na wenyewe wasiitazame mpaka wajaribu.

MAJIBU

Chui na mbuzi: Mvushe mbuzi, rudi mtupu. Mvushe chui, rudi na mbuzi. Mwache mbuzi, vusha majani, rudi mtupu. Mwisho mvushe mbuzi. Safari ni saba.

1. Jaza dumu la lita tano, mimina katika la lita tatu mpaka lijae. Katika la tano zitabaki lita 2. Mwaga la tatu, utie humo zile lita 2. Jaza tena la tano, kisha ongeza katika la tatu mpaka lijae. Litapokea lita 1 tu. Katika la tano zimebaki lita 4.

2. Siku ya nane. Baada ya siku saba na usiku saba atakuwa amefika mita 7. Mchana wa nane atapanda mita 3 na kutoka, wala hatateleza tena. Anayejibu "siku ya kumi" amesahau kuwa aliyekwisha toka shimoni harudi ndani.

3. Zigawe tatu tatu. Pima tatu kwa tatu. Upande ulioinuka ndio wenye nyepesi; mizani ikilingana, nyepesi imo katika tatu zilizobaki. Katika hizo tatu pima moja kwa moja: iliyoinuka ndiyo, na zikilingana ni ile iliyobaki.

4. Toa punje katika gunia lililoandikwa "Mchanganyiko". Kwa kuwa maandishi si ya kweli, gunia hilo ni la aina moja tu. Ukipata hindi, hilo ni la mahindi. Lililoandikwa "Maharage" haliwezi kuwa la maharage, na mahindi yamekwisha patikana, basi ni la mchanganyiko. Lililobaki ni la maharage. Ukipata harage, fikiri kwa namna hiyohiyo.

5. Uliza: "Nikimwuliza mwenzako njia ya mjini, atanionyesha ipi?" Msema kweli atautaja kwa uaminifu uongo wa mwenzake, na mwongo atauficha ukweli wa mwenzake. Wote wawili watakuonyesha njia ya kinamasini. Shika ile nyingine.